Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Asnath alikuwa amefika kwenye wajukuu. Aliandika majina yao kuanzia mkubwa hadi mdogo, akayapitia tena huku akigusa kila moja kwa ncha ya kalamu, akaridhika. Kisha mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukaandika sentensi iliyofuata kama ulivyozoea: Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu hao. Akapuliza wino ukauke, akaweka karatasi juu ya nyingine na kuzibana kwa mkasi ili upepo usizipeperushe.

Pale mtaani kwake, Makole, msiba ukitokea, Asnath ndiye aliyeitwa kuandika historia fupi ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya mwili kupelekwa makaburini. Shule yake iliishia darasa la saba. Kazi hii alijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza historia zilizoandikwa na wengine na kuangalia watu wanapoanza kunong'onezana na wanapoacha. Alikaa na wafiwa kwenye mkeka, akauliza polepole. Ndugu wakibishania mwaka wa kuzaliwa, alisubiri mpaka wachoke. Alijua la kuandika na la kuruka, na hakuna familia iliyowahi kumlalamikia.

Safari hii aliandika maisha yake. Binti yake Witness, anayefanya kazi wizarani kule Mtumba, ndiye aliyeanzisha. Asnath na mumewe Ebenezer wangefanya ibada ya shukrani kwa miaka arobaini na mitano ya ndoa, na Witness alikwishapanga na stesheneri moja ya mjini wachape kijitabu, kila mgeni apewe nakala. Alimwambia mama yake aandike kila kitu, tangu utotoni. Asnath alikubali kwa furaha. Alikuwa na sababu yake ambayo hakumwambia mtu: siku yake ikifika, mwandishi wa mtaa atakuwa ndani ya jeneza, nao watanakili kitakachokutwa kimeandikwa. Kisichokuwemo humo kitazikwa naye.

Alikuwa bado anakunjua vidole aliposikia hodi. Alikuwa Nurdini, jirani wa nyumba ya tatu, Mnyamwezi aliyehamia Dodoma akiwa fundi saa na kuzeekea hapa. Kwa kuwa Asnath ni Mgogo, wawili hao walikuwa watani, na tangu wajuane hawajawahi kusalimiana kistaarabu.

"Mpagazi, umekuja kutafuta mzigo?" Asnath alimuuliza.

"Nimekuja kudai hongo mliyowatoza babu zangu wakipita hapa na misafara, kwa maji ya matope," Nurdini alijibu, akivuta kigoda. "Lete nisome. Wewe kila siku unasoma vya wenzako."

Akampa. Nurdini alivaa miwani, akasoma kwa utulivu usio wa kawaida yake. Alipofika ukurasa wa mwisho alivua miwani, akavua na kofia, akaiweka kifuani.

"Pole sana na msiba, mtani," alisema. "Marehemu tunamzika lini? Maana nimeshaanza kusikia harufu ya wali."

Asnath hakuelewa. Nurdini akamsomea kwa sauti ya makaburini: marehemu alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaolewa, akawa mwanakwaya shupavu, akajaliwa watoto. Ameacha mume. Asnath alizinyakua karatasi, akaangalia. Kweli. Kurasa zote alijiita Asnath, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Na hapa katikati umeruka," Nurdini aliendelea. "Mwaka themanini na nane unaimba kwaya. Unaofuata ni tisini na moja, unaimba kwaya. Ulikuwa jela?"

"Nilikuwa Mpunguzi. Namuuguza shangazi."

Nurdini alimtazama. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na Asnath alingoja aseme. Lakini mzee yule alivaa kofia yake, akainuka.

"Aliyekufa ukiruka mambo yake, hawezi kukuambia," alisema. "Huyu uliyemwandika humu yuko hai. Muulize mwenyewe."

Alipoondoka, Asnath alikaa na zile karatasi mapajani. Shangazi Yasinta hakuumwa hata siku moja katika miaka ile mitatu. Alikuwa akilima, akipiga vigelegele vya harusi za watu, akila mlenda kuliko kijana. Ukweli ni kwamba jioni moja Asnath alirudi kutoka kisimani akakuta cherehani yake haipo. Ebenezer alikuwa ameigawa kwa mke wa kaka yake bila kumwambia, kwa kuwa, alisema, shemeji anaihitaji zaidi na mke ana kazi za kutosha nyumbani. Asnath hakugombana. Alimbeba Witness mgongoni, ambaye wakati huo ndiye mtoto pekee, akapanda gari la barabara ya Iringa.

Kule Mpunguzi shangazi alimwachia kipande cha shamba la zabibu lililokuwa limetelekezwa. Asnath hakujua lolote kuhusu zabibu. Alisimama kwenye mpaka akimwangalia jirani anavyopogolea matawi, akarudi kujaribu kwenye mistari yake, akikosea mzabibu mmoja, akirekebisha kwenye wa pili. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya aibu. Ya tatu yalipakiwa kwenye lori, na yeye akakaa juu ya makreti akitazama Dodoma inavyomkaribia. Hakuna siku maishani aliyojiona mrefu kama siku ile. Na siku hiyo haikuwemo kwenye karatasi zake.

Alimpigia Witness simu wakati wa chakula cha mchana, akamweleza anataka kuiongeza. Witness alisema kwa upole kwamba wageni watakuwa na bosi wake, watakuwa na askofu, na baba ni mzee wa kanisa. Watu watafungua kijitabu cha shukrani ya ndoa na kukuta mke alitoroka. Alimwomba mama yake afikirie heshima ya baba. Asnath alimjibu kwamba atafikiria, na hakusema hivyo kwa kumridhisha. Binti hakukosea. Ile ilikuwa hoja, nayo ilistahili kupelekwa kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa uani, amekaa mbele ya ungo, anamenya karanga za mbegu. Asnath alivuta kigoda, akachota karanga naye akaanza kumenya. Baada ya muda alisema:

"Baba Witness, nataka kuandika Mpunguzi."

Ebenezer hakusimamisha mikono. Ganda lilipasuka, jingine likapasuka.

"Na cherehani?"

"Nisipoiandika cherehani, watu watadhani nilikwenda kula zabibu."

Mzee alitikisa kichwa, na Asnath hakujua kama anakubali au anasikitika. Alisubiri, kama alivyosubiri kwenye mikeka ya watu.

"Unajua nilivyokuwa nawajibu watu hapa?" Ebenezer alisema hatimaye. "Shangazi anaumwa, hali mbaya. Mpaka siku moja niko soko la Sabasaba na mchungaji, nani huyo anakuja na kapu la nyanya kichwani? Shangazi Yasinta. Mchungaji akamshika mkono, akamwambia, pole na maradhi, mama, tunakuombea. Shangazi akaniangalia. Akasema, asante baba mchungaji, maombi yamejibiwa leo asubuhi."

Asnath aliangusha karanga. Alikuwa hajawahi kuisikia hiyo. Walicheka wote wawili, yeye akimpiga mumewe begani, na walipotulia Ebenezer aliendelea kutazama ungo.

"Nilikuja, mara mbili," alisema. "Nikaishia barabarani. Mara ya pili ulikuwa shambani na mkasi, unakata matawi. Nilitaka kukuita. Lakini ulikuwa unafanya kazi kama mtu ambaye hamsubiri yeyote. Nikapanda gari, nikarudi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Baadaye ukarudi mwenyewe na cherehani mpya, uliyoinunua mwenyewe, nikaipokea pale kituoni nikaibeba. Watu wakasema Ebenezer amekwenda kumrudisha mke wake. Nikawaacha waseme." Alipepeta ungo, maganda yakaruka upande. "Kanisani wananisifu kwa hilo mpaka leo. Liandike lilivyokuwa. Nimechoka kusifiwa."

Asnath alimweleza alichosema Witness kuhusu askofu na bosi wake. Ebenezer alisema mtoto amwachie yeye. Aliyeachwa ni yeye, na heshima inayozungumziwa ni yake. Kesho atampigia simu, atamweleza.

"Ila uandike kwamba nilijifunza kupika," aliongeza.

"Ulijifunza kupika nini?"

"Ugali."

"Ule niliokuta kwenye sufuria niliporudi?"

"Andika kwamba nilijifunza," alisema Ebenezer. "Usiandike ulivyokuwa."

Jua lilikuwa bado lipo juu ya paa la jirani. Asnath alirudi kwenye meza yake. Akapiga mstari juu ya marehemu mwanakwaya shupavu, polepole, kwa rula, kwa kuwa hakupenda karatasi chafu. Akavuta karatasi nyeupe. Neno la kwanza lilimpa tabu. Aliandika Asnath, akalifuta. Kisha akaandika Niliondoka, na baada ya hapo kalamu haikusimama: gari, barabara, vumbi, Witness akiuliza kila kijiji kama ndipo, miguu yake ikimpiga mamaye kiunoni. Aliandika bila haraka, akijua anakokwenda.

Alipofika nyumbani kwa shangazi giza lilikuwa limeanza kuingia, kule kwenye karatasi na hapa Makole pia. Ebenezer aliuliza kutoka uani kama leo watakula. Asnath aliangalia alichoandika mwisho. Alikuwa amejisimamisha mlangoni, mtoto mgongoni, amepiga hodi, na ndani kumesikika mtu akisogeza kiti.

Akafunika kalamu, akaenda kubandika maji. Shangazi atamfungulia kesho.