Udongo wa Chini ya Jabali

Marsiana alipiga goti juu ya jabali, akagusa udongo aliozibia ufa jana jioni ili ajue kama linasogea. Ulikuwa umepasuka katikati. Kidole kikaingia chote.

Chini, koleo lilikwaruza mara mbili, kisha kimya. Privatus, mumewe, alikuwa akichimba hivyohivyo. Mwaka ulikwisha pita tangu jiwe la mlima huu limfunike. Marsiana alifanya ishara ya msalaba, ndipo akachungulia. Walikuwa akina mama wa kijiji cha ujamaa, wanachimba udongo mwekundu wa kukandika nyumba zao mpya.

Alishuka barabarani.

"Shikamoo mama. Umeanza tena?" alisema Xavery, msimamizi wa kibarua cha barabara.

"Marahaba. Jabali limesogea."

"Nimelitoboa kwa mkono wangu, nikalitia nondo sita na saruji. Litaenda wapi?"

"Nondo zina urefu gani?"

"Mikono miwili. Ndefu jeshi limezichukua vitani."

Marsiana akakunjua kamba aliyopimia kutoka usoni mwa jabali hadi kwenye ufa. Ilikuwa na mafundo manne, kila fundo mkono mmoja.

"Hazijaufikia hata ufa. Umelifunga jiwe kwa jiwe lilelile. Na linapolalia pamelowa mvua, na hawa akina mama wanaondoa udongo unaolikinga miguuni."

Xavery aliangalia juu. "Malori ya jeshi yanapita saa sita. Nitawaambia nini? Kwamba mjane kaona ufa?"

"Mwache!" Verediana, mmoja wa wachimbaji, alicheka kutoka shimoni. "Yeye ukuta wake umekwisha kauka. Sisi tulale na upepo?"

Wenzake wakacheka. Marsiana alishika rozari mfukoni mpaka punje zikamuumiza.

"Ukuta wangu ni wa udongo wa hapohapo," alisema. "Nilichimba wiki nzima. Privatus alinikataza. Nikamwambia, umebaki upande mmoja tu. Jumamosi ile alikuja hapa kuzibua mtaro, jiwe likamshukia. Hata padri sijamwambia."

Hakuna aliyecheka. Verediana alikuwa na kikapu kichwani. Alikishusha polepole, akamwaga udongo pale alipoutoa, akaushindilia kwa kisigino.

Xavery akaviringisha pipa hadi katikati ya barabara.

Malori yalipofika, askari waliteremka wakitukana. Kisha mmoja akatazama juu, akavua shati, akaanza kubeba mawe. Walijaza mawe miguuni mwa jabali mpaka jua likapinda. Malori yakapita moja moja, yakiambaa upande wa bonde, na kila lilipopita akina mama walishikana mikono.

Jiwe halikuanguka siku ile.

Marsiana alirudi nyumbani, akachukua jembe. Alianza na ule upande wa mwisho wa ukuta wake. Udongo ulibanduka vipande vipande, akaujaza kikapuni, akaupeleka miguuni mwa jabali, akarudi, akaenda tena.

Jua lilipokuwa linazama aliketi kitandani. Mbele yake zilibaki fito tupu, na katikati ya fito, jabali.