Kaburi Nililolipaka Chokaa

Siku ya kwanza nilimkuta amepiga magoti mbele ya bibi yangu, anamkwangua paji la uso kwa kijiti cha mwanzi.

Nasema bibi yangu, nikimaanisha kaburi lake. Ni la mwisho katika makaburi ya zamani ya Waprotestanti, huku kwetu milimani juu ya Mlali, pale ukuta wa mawe ulipobomoka na shamba langu la mboga linapoanzia. Sisi wa huku wengi ni Wakatoliki, na wasio Wakatoliki ni Waislamu. Waprotestanti walikuwa wamisionari wa Kijerumani na watu wachache waliowafuata, nao waliondoka zamani, wakatuachia mawe yenye maandishi na mikaratusi miwili mirefu. Makaburi yao yote yalimezwa na majani. La bibi peke yake lilikuwa jeupe. Kila tarehe mbili Novemba, tunapowaombea marehemu, nilipanda na ndoo ya chokaa na brashi ya katani, nikalipaka mpaka likawaka. Nilianza nikiwa na miaka kumi, namshikia mama ndoo. Sasa nina sitini na saba.

"Binti," nikasema, "huyo unayemkwangua ana mwenyewe."

Akasimama haraka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

Jina lake Happiness. Alisema kanisa lao limeamua kuyatengeneza makaburi haya upya, mawe yasafishwe, ukuta uinuliwe. Yeye amesomea mambo ya kale, na yule kijana mnene aliyekuwa anakata majani kwa panga ni Gervas, fundi wake wa mawe. Kisha akatoa karatasi, nakala ya daftari la misheni lenye majina ya waliozikwa.

"Watu ishirini, bibi. Kumi na tisa tumewapata. Amebaki mmoja, mtoto mdogo wa mchungaji. Hujawahi kusikia habari za mtoto wa Kizungu aliyezikwa hapa?"

"Sijasikia."

"Na hili jeupe?"

"La bibi yangu mzaa mama. Alikuwa mpishi wa misheni. Walimbatiza wakamwita Elisabeti."

Akaipitia karatasi kwa kidole, juu mpaka chini. "Elisabeti hayumo."

"Basi mwandishi wao alisahau. Wapishi husahauliwa."

Akatabasamu. Mimi tabasamu la mtu aliyeshika karatasi silipendi. Nilikaa palepale juu ya kaburi, kanga nikaifunga vizuri, nikamwambia kazi nyingine zipo, akafanye hizo.

Asiyetoka Uluguru ataona nilikuwa mkaidi bure. Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Unarithi kwa mama yako, naye kwa mama yake, na kaburi la bibi mzaa mama ndiyo hati yetu. Shamba langu, lile lenye matuta manane na mfereji wa maji unaopita juu yake, lilikuwa la misheni. Wamisionari walipoondoka, koo mbili zikaligombea, ukoo wetu na ukoo wa kina Zuhura, jirani yangu, kila mmoja ukisema Wajerumani walimega kwake. Mwaka 1968 wazee wakakaa barazani wakaamua: kila upande uonyeshe kaburi la bibi yake karibu na shamba.

Kina Zuhura ni Waislamu. Makaburi yao ni udongo, na udongo hushuka, mvua ishirini zikipita huoni tuta. Mama yake Zuhura alisimama, amemshika mwanawe mkono, akasema, bibi zetu wako humo ndani ya shamba lenyewe, lakini mahali hasa hakuweza kupaonyesha. Mama yangu alinisukuma mimi mbele. Mzee mmoja akainama mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake, akaniuliza, "Mwanangu, bibi yako mzaa mama amelala wapi?" Nikanyoosha kidole. Jiwe lilikuwa jeupe kama kanzu ya Idi.

"Hilo kaburi ni la Mzungu!" mama yake Zuhura alipiga kelele. Watu wakacheka. Tangu lini Mzungu akapakwa chokaa na Waluguru? Shamba likawa letu, nalo limesomesha watoto wangu watano.

Zuhura na mimi ni rika moja. Koo zetu ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukania marehemu wako msibani nawe ukamkaribisha chakula. Kwa hiyo miaka yote hiyo, akipita kwenda kuchota maji, husimama juu ya matuta: "Mtani, shamba langu halijambo?"

"Linakula mbolea yangu."

"Lilishe vizuri. Siku nikilichukua nisilikute limekonda."

Tunacheka, naye anaondoka na fungu la spinachi. Lakini tangu Happiness afike, nilianza kukisikiliza kile kicheko kwa sikio jingine. Mbona wageni wameng'ang'ania kaburi langu? Mbona wanatafuta Mzungu, neno lilelile la mama yake? Jumanne nikamwona Zuhura amesimama ukutani anaongea na Gervas, na aliponiona akanipungia mkono. Nilimpungia. Spinachi sikumpa siku hiyo. Nilimwambia zimeliwa na wadudu.

Binti wa watu hakuacha kunijia. Kila saa nne alileta chupa ya chai, akakaa chini miguu ameinyoosha kama mjukuu, akaniuliza mambo. Nikaona nimpime.

"Kitendawili."

"Tega!"

"Amekuja na kicheko, ameondoka na mpaka."

Alifikiri, akapiga kite, akataja mto, akataja mwizi wa mbuzi. "Nimeshindwa, bibi. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Dumila."

"Vumbi tupu, lakini nimekaa. Jibu ni mpima ardhi."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu kicheko kikamwishia njiani, akaniangalia. "Bibi, unadhani nimekuja kuchukua shamba lako?"

"Mimi nimetega kitendawili tu."

"Ukuta utapita pale ulipopita zamani. Siongezi hata hatua moja. Ila lazima nijue nani amelala wapi, ndiyo kazi yangu. Ijumaa Gervas atalilowesha hili jeupe kwa maji na brashi laini. Kama ni la Elisabeti, nitamwandika Elisabeti kwa mkono wangu, na daftari la Wajerumani litakoma."

Maneno mazuri. Usiku nikayageuza kila upande nikitafuta palipooza. *Kama ni la Elisabeti.*

Ijumaa niliwatangulia. Jua lilikuwa bado halijaruka mlima nilipofika na ndoo yangu, chokaa nimeichanganya na chumvi ishike, kama mama alivyonifunza. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikipaka tabaka jipya, zito, binti ataona aibu kulibandua mbele ya mwenyewe. Nikachovya brashi, nikaanza pale alipokuwa amekwangua.

Chokaa mbichi haikushika. Ilinywewa na ile kuukuu, ile kuukuu ikavimba, na nilipovuta brashi mara ya tatu likabanduka gamba zima, kubwa kama chapati, likaanguka kwenye miguu yangu. Nyuma yake kulikuwa na udongo mfinyanzi.

Nikasimama na brashi inachuruzika. Maana nilikumbuka. Mwaka ule wa kwanza, kabla ya chokaa, mama alifinyanga udongo wa mtoni, akausukuma kwenye jiwe kwa kidole gumba, kidogo kidogo, kwa makini, mistari mitatu. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anaziba nyufa.

Nikaingiza ukucha. Udongo ukatoka kama uji uliokauka kwenye sufuria. Herufi ya kwanza G. Nikatoa nyingine, na nyingine, mpaka vidole vikaniuma. GOTTFRIED. Kijerumani sikijui, lakini chini yake palikuwa na namba, na namba hazina kabila. 1909. Halafu 1911.

Nilifika darasa la saba. Kutoa najua. Na mama yangu, aliyenifundisha herufi kwa mkaa ukutani kabla sijakanyaga shule, naye alijua.

Miaka miwili. Nilikaa chini kwenye umande. Huyu ndiye niliyempelekea habari za mume wangu alipougua. Huyu ndiye niliyemlalamikia mkwe, niliyemwomba aniombee mvua, niliyemwita bibi, bibi, mwangalie mjukuu wako. Mtoto wa miaka miwili, asiyejua hata kufunga mkanda wa kiatu, ameyabeba yote hayo na hakuna aliyewahi kumwita jina lake. Na bibi yangu Elisabeti, kama aliitwa hivyo, kama alikuwa mpishi, sijui yuko wapi. Nilimkasirikia mama kwa sauti, hapo makaburini, peke yangu. Kisha nikakumbuka tulikuwa watoto sita, na mwaka ule tulikula majani ya maboga bila chumvi, na hasira ikakosa pa kukaa.

Ndoo ilikuwa bado nusu. Udongo wa mtoni uko hatua thelathini tu kutoka pale. Nilizihesabu hizo hatua kwa macho, kwenda na kurudi. Hakuna aliyeona. Ningeweza kuziba, nikapaka, nikalikalia jiwe mpaka binti achoke arudi stendi ya Msamvu apande basi lake. Nikaitazama mikono yangu, nyeupe mpaka kwenye viwiko, nikaona inajua kazi hiyo vizuri kuliko ninavyojua mimi.

Nikasikia viatu vya Happiness vikipanda njia. Nikasimama, mgongo nimelipa jiwe, kanga nimeitanua.

"Shikamoo, bibi. Umewahi!" Akaiona ndoo. Sura ikambadilika. "Umepaka tena?"

Nilimwangalia. Alikuwa na chupa ya chai mkononi, na vikombe viwili. Nikasogea pembeni.

Hakupiga kelele wala hakufungua karatasi yake. Alipiga magoti akagusa jina kwa ncha za vidole, moja moja, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. "Ndiye," akasema polepole. Halafu akaniangalia, na niliona ameelewa kuliko nilivyomwambia. "Bibi, mimi ninaandika makaburi tu. Mashamba siyaandiki."

"Najua," nikasema. "Chai yako nitakunywa nikirudi."

Nikashuka kwa Zuhura.

Nilimkuta kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. "Mtani!" akasema bila kuinua kichwa. "Umekuja kunikabidhi shamba langu?"

"Nimekuja kukuambia mama yako alisema kweli."

"Siku zote. Alisema una miguu ya bata."

"Zuhura. Lile kaburi ni la Mzungu. La mtoto. Nimelisoma jina lake asubuhi hii."

Akacheka, akarusha maharage mabovu kwa kuku. "Leo umenitafuta vizuri. Huo utani umeulalia usiku kucha."

"Sitanii."

Ndipo akaiona mikono yangu. Ungo ukatulia mapajani. Tumetaniana miaka hamsini na zaidi, na sikuwa na sauti nyingine ya kuzungumza naye, naye hakuwa na sikio jingine la kunisikia. Tukaangaliana kama watu wasiojuana.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Hakuna."

"Wale wa makaburi wanalitaka shamba. Sasa unataka lionekane letu, ili tugombane nao sisi, wewe ukae pembeni."

"Hawalitaki."

"Basi unaumwa. Umeambiwa hospitali unakufa."

"Sijambo kabisa."

"Felista, mtu haachi matuta manane yenye maji kwa sababu ya asubuhi moja."

"Kesho kuna mkutano wa kijiji. Nitasimama niseme."

"Atasema yule binti, wewe utaitikia."

"Nitasema mimi. Kidole kilikuwa changu."

Akauweka ungo chini. Kuku wakausogelea na hakuwafukuza. "Mama yangu aliishi miaka kumi na minne baada ya ile siku," akasema. "Akienda mtoni wanawake walikuwa wanasema, jamani nyamazeni, mwongo anakuja, atatuhadithia Mzungu. Wakicheka, naye anacheka nao. Nyumbani nikimwekea ugali ananiambia, mpelekee aliyepewa shamba. Unajua nilikuwa nakutania kwa nini, kila siku ya Mungu? Nilifikiri nikiuacha utani nitakupiga na jembe."

Akasimama, magoti yakamlia, akajitanda kanga kichwani.

"Utakwenda kuwaambia watu kesho. Mwambie mama kwanza."

Nilimfuata nyuma ya nyumba, tukaingia kwenye migomba. Ardhi pale ni mteremko, imejaa majani makavu, na kivuli chake ni cha kijani. Zuhura alisimama. Mimi nikatazama huku na huku. Nilikuwa natafuta jiwe. Nilikuwa natafuta kitu cheupe. Kulikuwa na udongo tu, na majani, na mstari wa siafu.

"Hapa?" nikauliza.

"Sogea," alisema Zuhura. "Umemkanyaga."

Nikasogea hatua moja.

"Tena."