Nakala kwa Marehemu Babu

Waziri alitamka barua huku amesimama dirishani, na katibu muhtasari wake akaichapa. Ilikuwa barua ya binafsi, kwa hiyo haikuwekwa nembo ya serikali. Alikuwa anamjibu fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye jina la ukoo sawa na lake, ambaye alikuwa ameomba jambo moja tu. Baba yake alikuwa mahututi hospitalini. Akifa, azikwe katika makaburi ya ukoo, kando ya mzee aliyemzaa, na mzee huyo ndiye babu yake Waziri. Baba anataka aitwe mtoto wa mtu japo mara moja, aliandika fundi.

Waziri alijibu kwa upole, maana upole haukumgharimu kitu. Alieleza asili ya ukoo vizuri kabisa, nani alimzaa nani, na kwamba babu alijaliwa mtoto wa kiume mmoja tu, ambaye ni baba yake Waziri. Baba wa fundi alikuwa mtumishi wa nyumbani, mtoto wa mpishi, aliyejipachika jina la mabwana zake kama walivyofanya wengi zamani. Mwisho alimtakia mgonjwa afueni.

Katika ofisi ile ilikuwa desturi kila anayetajwa kwenye barua apelekewe nakala. Katibu muhtasari aliifuata desturi hiyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Akaandika chini: Nakala kwa marehemu babu. Tarishi akaichukua pamoja na barua nyingine na hakuuliza anwani, kwa sababu kuuliza hakukuwa kazi yake.

Babu alikuja Alhamisi, nakala mkononi, udongo kidogo mabegani. Katibu muhtasari alimwamkia, akampa kiti, akaingia kumwarifu Waziri kwamba mmoja wa waliopelekewa nakala ana hoja. Babu alisubiri zamu yake nyuma ya mkandarasi wa barabara, ambaye alimsogezea gazeti.

Alipoingia alisema barua ina kosa. Yeye alizaa wa kiume wawili, na wa kwanza alimzaa na mpishi. Alilisema bila aibu na bila fahari.

"Huyo mgonjwa ni baba yako mkubwa," alisema. "Na huyo fundi ni dada yako. Rekebisha."

Waziri hakubisha. Lisemwalo lipo, lakini hili lilikuwepo tangu utoto wake na halikuwahi hata kusemwa. Nyumba nzima ilijua, ndiyo maana ilinyamaza. Alimweleza babu kwamba jina lao sasa lina barabara, shule na uwanja wa mpira, na uchaguzi umebisha hodi.

"Babu, lete kwa maandishi," alisema.

Katibu muhtasari akachapa maelezo ya babu na kuleta wino wa muhuri. Babu alijaribu kutia sahihi, kalamu haikuacha alama; akabonyeza dole gumba. Karatasi ikabaki nyeupe. Wakajaribu kidole cha shahada, wakajaribu mkono wa kushoto, hakuna kitu. Maelezo yasiyo na sahihi wala dole gumba hayapokelewi. Babu enzi zake alikuwa hakimu, akakubali kwamba utaratibu ni utaratibu. Barua ikabaki ilivyo.

Fundi alimsomea baba yake pale kitandani, yote, kwa kuwa hakujua kudanganya. Mgonjwa alisikiliza mpaka mwisho, akasema Waziri ana lugha nzuri. Alfajiri akafariki. Alizikwa makaburi ya jiji, na kwenye kibao liliandikwa jina lake la kwanza peke yake. Fundi hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu kwa ajili ya kibao.

Wiki ileile babu alihamia huko. Kaburi lake katika makaburi ya ukoo lilibaki tupu, na Waziri aliendelea kuliwekea maua mbele ya wapiga picha. Picha zilitoka vizuri.

Fundi alipokwenda kung'oa majani alimkuta mzee huyo ameketi kando ya tuta la baba yake, ameliinamia, anaita.

"Mwanangu," aliita. "Mwanangu."

Chini palikuwa kimya.

Fundi alimwamkia, naye akaitikia. Alitarajia kwamba siku akimwona babu huyu atamkasirikia, lakini hasira haikuja. Alikuwa amechoka tu. Akachuchumaa, akang'oa majani mawili matatu.

"Hilo hajalizoea, babu," alisema. "Mwite mlivyokuwa mnamwita nyumbani."

Babu alifikiri kidogo. Kisha akainama tena.

"Wewe," aliita.

"Naam, bwana," marehemu akaitika upesi.