Samaki Kwenye Uzio

"Haya, mwageni!" Mama Kisu alipaza sauti, na samaki wa ushirika wakamwagwa juu ya turubai moja. Ndivyo walivyokubaliana tangu kijiji chao kilipobomolewa kupisha bandari: samaki akishamwagwa ni wa wote, na mnunuzi ataongea na wote.

Mnunuzi mwenyewe, Bosi Barafu, aliketi mlangoni mwa lori lake la barafu akichokonoa meno.

"Leo siuzii ushirika barafu," alisema. "Anayetaka kuuza samaki aje peke yake na ndoo yake, kwa bei yangu. Kundi lina mdomo mrefu."

"Jana si ulituuzia barafu?" Mama Kisu aliuliza.

"Jana ilikuwa jana, mama. Subirini jua liwafundishe."

Jua halikukawia. Macho ya samaki yalianza kufifia, nzi wakajialika. Ndipo Mama Kisu akamwona mdogo wake wa kiume, ndoo ya samaki begani, ananyata kuelekea kwenye lori.

"We! Unakwenda wapi?"

"Dada, wanangu wamelala na uji wa maji. Niache niuze hawa tu."

"Ukiuza wewe, nani atabaki? Kesho atatununua kwa mate!"

Akamnyang'anya ndoo. Akachomoa kisu, akampasua samaki changu mkubwa kuliko wote, kichwa hadi mkia. Akampasua wa pili. Bosi alinunua samaki wazima tu. Waliopasuliwa kwake walikuwa takataka.

"Umeniua, dada!"

"Nimekuzuia. Lete chumvi."

 Mdogo wake akaenda kuburuta gunia la chumvi ambalo ushirika uliliweka akiba kwa siku mbaya. Visu vingine vikatoka viunoni.

Bosi akacheka. "Mtaanika wapi? Kule mlikotupwa?"

Kweli, hawakubakiziwa hata uchanja wa kuanikia. Palikuwa na uzio wa bandari tu. Mama Kisu akamtundika changu kwenye waya.

Askari wa geti akaja mbio. "Shusha uchafu huo! Uzio ni wa mradi!"

"Hapo ulipokanyaga, afande, palikuwa jikoni kwangu. Naanika nyumbani."

Askari akamwangusha samaki kwa rungu. Mama Kisu akamwokota, akampangusa mchanga, akamtundika tena. Askari akamwangusha tena.

Safari hii aliyeinama kumwokota alikuwa mdogo wake Mama Kisu. Nyuma yake, kando ya uzio wote, watu wa ushirika walikuwa wameanza kutundika.