Malkia wa Kilema

Theodory alikuja kwangu Kirua na jani la isale mkononi, nikajua amekuja kuomba msamaha wa jambo lisilorekebishika.

Miaka mitatu nyuma mwalimu huyu mstaafu wa Pasua, Moshi mjini, aliazima daftari la marehemu baba yangu, Elimringi, aliyekuwa mchochea moto kwenye zile meli za mvuke zenye magurudumu ya kusukuma maji, zilizovusha abiria ziwani, huko Mwanza. Aliapa jina la baba litakaa kwenye jalada la kitabu chake cha historia ya meli hizo. Sasa alinipa kitabu chenyewe. Jaladani lilikuwepo jina lake peke yake, na ndani baba hakutajwa hata kwa mstari mmoja.

"Nisamehe, dada Mektrida. Kimeshachapwa."

Kwetu, aliyekuletea isale humkatalii. Nililipokea nikasema nimesamehe. Halafu nikafungua ukurasa wa orodha ya meli.

Baba aliandika meli alizofanyia kazi, na chini yake, bila hata kuruka mstari, majina ya ng'ombe watatu aliowaacha mgombani. Aliwakumbuka mno. Theodory, mtoto wa mjini, alizoa wote, tena akawapamba: "Malkia wa Kilema, meli imara kuliko zote, ilihudumu hadi 1961 ilipostaafishwa."

Nikafunga kitabu. Isale inanidai msamaha, hainidai kumsahihisha mtu. Nikampakulia ndizi, akala, akaondoka akinisifu kwa roho nzuri.

Jumamosi, siku ya uzinduzi wa kitabu, ukumbi pale Moshi ulijaa. Nilikaa mbele na jani langu mapajani, asije mtu akasema sikusamehe. Theodory akasoma orodha yote kwa sauti ya mahubiri. Alipomaliza, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo Malkia wa Kilema, magurudumu yake yalikuwa upande gani? Maana baba yangu, aliyeandika orodha hiyo, alimnunua kule Kilema akiwa mtamba. Tulimkamua miaka minane. Tukamchinja kwenye kipaimara cha dada Elisifa."

Wazee wa Kirua ndio walioanza kucheka. Wawili kati yao walikula nyama ile. Kisha ukumbi mzima ukafuata, na Theodory akawa anafunua kurasa kama mtu aliyepoteza tiketi.

Mwandishi wa gazeti akasogea kuniuliza jina la baba. Nilimtajia herufi moja moja, taratibu, Theodory akisikia.