Mvinyo Chini ya Blanketi

Hebu niambie, ukiambiwa kinywaji fulani hakitaki baridi, wewe utakifanyaje? Theresia wa Ikungi alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Alikivisha blanketi.

Mwanawe Amosi anafanya kazi hotelini Dodoma. Alikuwa amepata mchumba, Ritha, na wazazi wa binti walisema watakuja Jumamosi kuona nyumba anakokwenda mtoto wao. Theresia aliposikia hivyo aliotesha mtama, akauanika juani mpaka kimea kikanukia utamu. Kwao mama wa bwana harusi ndiye anayepika pombe ya wakwe. Huonja kata ya kwanza mbele yao, waone haina kitu kibaya, kisha huwapa kwa mkono wake. Siku hiyo alikuwa akiingoja tangu Amosi ananyonya.

Amosi akapiga simu.

"Mama, pombe usipike. Kwetu siyo kilabuni."

"Lakini mwanangu, wakwe..."

"Wakwe watakunywa mvinyo. Nitauleta mwenyewe."

Kimea kikarudi kwenye debe. Theresia hakubishana. Siku zote mwanamke yule hukaa na neno tumboni mpaka limuume.

Ijumaa jioni Amosi alifika na chupa nne zilizofungwa kwenye magazeti.

"Kazi yako ni hii tu, mama. Mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji kama soda. Ukiwa wa baridi sana unakuwa mkali, unakausha ulimi. Unataka joto la chumbani."

"La chumba gani?"

"Chumbani tu, mama! Usipigwe baridi, basi."

Ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Ikungi mwezi huo hupenya hata chini ya mlango. Theresia akawaza: pombe ikipigwa baridi hulala, haichachi, ndiyo maana mtungi huvishwa blanketi na kusogezwa karibu na mafiga. Alfajiri akatoa blanketi lake la kahawia, akazifunga chupa zote nne kama watoto pacha, akazilaza pembeni ya moto ulipokuwa ukichemka mchuzi wa mbuzi. Kila akisukuma kuni alizigusa. Zina joto. Moyo wake ukatulia, maana kazi aliyopewa ilikuwa moja na hakutaka kuiharibu.

Wageni wakaja, wakaamkiwa, wakala, wakasifu nyama. Ndipo Amosi akaletewa chupa. Alipoishika alishtuka, lakini glasi zilikuwa zimeshanyooshwa. Akamimina.

Mzee Abraham, baba yake Ritha, alipiga funda moja, mashavu yakabaki yamejaa. Akameza kama anayemeza mwarobaini. Mkewe akaisukuma glasi yake taratibu chini ya kiti.

Amosi akacheka kwa nguvu. "Wakwe zangu, mtusamehe. Mama ni mtu wa pombe za mtungi. Ameupika kama uji wa mzazi!"

Wakacheka. Ritha naye akacheka, mdomo kaufunika kwa kiganja. Theresia, aliyesimama mlangoni na sinia mkononi, akacheka pia, kwa kuwa mwenyeji hakunji uso mbele ya wakwe.

"Usijali, mkwe wetu," Mzee Abraham akasema. "Tuletee soda tu."

Theresia akaenda kuzileta soda.

Gari la wageni lilipoondoka, Amosi alimwaga mvinyo uliobaki kwenye shina la mpapai, chupa baada ya chupa. Akamfuata mama yake uani, alikokuwa akiosha glasi.

"Kazi moja, mama. Moja tu! Sasa kila wakikaa watanisimulia. Ulikuwa unataka nini hata ukaniaibisha hivi?"

Theresia akaisuuza glasi ya mwisho, akaipindua juu ya kichanja. Akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Nilitaka kupika pombe ya wakwe zangu," alisema. "Nionje mimi kwanza, wakiniangalia. Na wewe ukae pale pale uwaambie, huyu ndiye mama aliyenizaa."