Pale Maji Yalipoishia

Baba mdogo Kasongo hana tabia ya kurudia neno. Alisema mara moja tu: nyumba isiyo na mtu inaoza, na Ramadhani ikiingia haijapata mpangaji, anaiuza. Mnunuzi alikuwa tayari, mfanyabiashara mmoja wa dagaa, na alichotaka ni kiwanja. Nyumba angeivunja ajenge ghala. Alikuja kuitazama siku moja, akawa anaugonga ukuta kwa funguo za gari kama anachagua tikiti maji sokoni, na mimi nimesimama palepale namwangalia.

Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba yangu, Ujiji, kwenye mwinuko juu ya njia ya kuteremkia ziwani. Mama aliishi humo mpaka alipofariki mwaka jana. Mimi Mwamvua ndiye mtoto wao pekee, ila nimeolewa Katubuka na huko ndiko nashona nguo. Baba mdogo ndiye msimamizi wa mirathi, na kwa sheria ya mirathi naye ana fungu lake, kwa hiyo sikuweza kumwambia ayaache mambo yasiyomhusu. Lakini kuvunja? Baraza ile aliyokuwa akiifagia mama hata akiwa na homa? Thubutu. Nilimpa shikamoo yake kwa heshima zote, kisha nikamwambia mpangaji atapatikana. Akajibu haya, inshallah, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata kidogo.

Madalali sikuwataka, wana maneno mengi kuliko nyumba. Mteja wangu Happiness, karani wa benki, alikuwa amenionyesha programu ya akili mnemba anayoandikia barua zake za kazini. Unaiambia unachotaka, inakuandikia. Nikaiweka kwenye simu yangu, nikaiagiza: niandikie tangazo zuri la nyumba ya kupangisha Ujiji, karibu na Ziwa Tanganyika. Basi, hayo tu. Kabla sijameza mate, tangazo hilo hapo.

Jamani, lilikuwa tamu. Makazi ya kifahari yenye mandhari ya kuvutia, hatua chache tu kutoka ziwani. Amka ukisikia mawimbi mlangoni pako. Bustani pana, jiko la kisasa. Jiko la mama ni la mafiga matatu, na bustani ni mpapai mmoja usiozaa, lakini nilijiambia ah, biashara matangazo. Picha nayo nikaipitisha kwenye programu nyingine ya kusafisha picha. Mbingu ikawa buluu, bati likang'aa, na yale madoa mekundu ya tope chini ya ukuta yakafutika yote. Nyumba ikawa nyeupe pe, kutoka paa mpaka ardhini. Nikaitupa kwenye magrupu yote ya WhatsApp ninayoyajua, nikakaa kusubiri simu ziite.

Hazikuita. Watu walichekacheka kwenye magrupu, na mmoja akauliza kama nyumba hiyo inapangishwa pamoja na mtumbwi wake. Nilimjibu maneno ambayo mama angeyasikia angenifinya.

Hatimaye alikuja mtu mmoja, mwalimu Elikana, aliyehamishwa kutoka Kasulu, pamoja na mkewe. Nilikuwa nimefagia, nimefungua madirisha, nimewasha na udi. Mwalimu hata ndani hakuingia. Alichuchumaa nje, akaanza kuukwangua ukuta chini kwa ukucha, akaniuliza mstari uko wapi. Mstari gani tena? Akanieleza taratibu, kama kwamba mgeni ni mimi. Ziwa lilipopanda miaka michache iliyopita na kukaa ndani ya nyumba za watu, liliacha mstari kwenye kuta zote za bondeni, na wenye nyumba siku hizi wanapaka rangi juu yake ili wapate wapangaji. Wageni wa kazini wote wameshaambiwa wachunguze. Sasa yeye alikuwa ameona picha ya ukuta mweupe mpaka chini. Kwa udongo wetu huu mwekundu, mvua ikinyesha unarukia kila ukuta mpaka magotini, nani Kigoma ana ukuta mweupe mpaka chini asiye na la kuficha?

Nilimwonyesha ukuta wenyewe, upo mbele yake, mwekundu kama siku zote. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Dada, picha inasema hivi na ukuta unasema vile," aliniambia. "Kimoja kinadanganya, na mimi nina watoto."

Mkewe akauliza bustani iko wapi. Nikamwonyesha mpapai. Waliaga kwa adabu na kuondoka.

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia mwalimu, halafu simu, halafu kampuni za simu zote zilizopo duniani. Nikaishiwa wa kumkasirikia, nikabaki mimi. Hivi mtu mwenye akili timamu, kwenye mji huu uliomezewa nyumba na maduka na barabara na ziwa lake lenyewe, anamwambia nani aamke na mawimbi mlangoni? Kwingine huko hiyo labda ni raha. Hapa ni kumtisha mtu. Na mashine haikunikosea. Mimi ni fundi cherehani, najua: mteja akikuletea kitambaa bila vipimo, atapata gauni la mtu mwingine. Ndicho nilichokifanya.

Baba mdogo akapiga simu, akauliza kama nimeanza kuhamisha vyombo vya mama, maana mwandamo umekaribia na mnunuzi anauliza. Nikamwambia havihamishwi. Akakata simu.

Kesho yake nilifunga cherehani nikaenda Ujiji kuchukua vipimo. Niliizunguka nyumba kama mtu asiyenijua mimi wala mama yangu, mtu mwenye mashaka. Vyumba vitatu na sebule. Bati la jikoni linavuja pembeni. Choo kiko nje, imara. Maji ya bomba hutoka kwa zamu, ila pipa lipo. Upepo ukitoka ziwani asubuhi unaleta harufu ya dagaa wanaoanikwa, nikaliandika na hilo. Kisha nikasimama barazani nikatazama chini. Ule ua wa minyaa unaoteremka kwenda ziwani, katikati yake ndipo maji yalipoishia. Chini yake minyaa ilikauka yote, juu yake ni mibichi hadi leo. Mtu yeyote mwenye macho anaweza kuja kuona.

Nikiwa hapo barazani nikakumbuka magodoro. Maji yalipopanda, watu wa chini walipandisha vitu vyao kwa mama. Baraza yote ilikuwa magodoro, Waislamu, Wakristo, Waha, watu wa Kongo, na mama anapita katikati yao na sufuria la uji. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Kisha nikafuta machozi nikatoa simu.

Safari hii niliiagiza ile programu kama ninavyoagiza msaidizi mzembe. Tumia haya niliyokuandikia tu. Usiongeze kitu ambacho sikukitaja. Usiandike kifahari. Anayesoma ni mtu wa Kigoma anayeogopa ziwa, mwambie kwanza maji yaliishia wapi. Likatoka tangazo fupi, limepangwa vizuri kuliko ambavyo ningepanga mimi, hilo nalikiri. Ila nililisoma neno kwa neno, na nilifanya vizuri, maana choo cha nje kilikuwa kimegeuzwa "choo cha kujitegemea". Kinajitegemea nini, kina kazi? Nikarudisha nje. Na habari ya magodoro ilikuwa imeachwa, eti mpangaji anahitaji sifa za nyumba, historia haimsaidii. Nikasema hapana. Nikaiandika mwenyewe kwa maneno yangu, mwishoni: Ziwa lilipopanda, watu wa chini walileta magodoro yao kwenye baraza hii, na hakuna godoro lililolowa.

Picha nikapiga upya, ukuta na wekundu wake, na nyingine ya ua wa minyaa kutokea barazani. Sikusafisha chochote. Nikatuma kote kulekule nilikochekwa.

Simu ziliita. Wengine waliuliza maswali ya kweli, mmoja akataka kuja Jumamosi. Lakini kabla ya Jumamosi alipiga mwanamke kutoka Ilagala. Alinisalimu kwa Kiha, mwakeye, akajitaja kuwa anaitwa Verediana, anauza mafuta ya mawese. Nyumba yake ilikuwa kule bondeni, ilikwenda na maji, na tangu hapo anaishi kwa kaka yake. Alitaka kurudi mjini, ila kila nyumba anayoonyeshwa anaikimbia.

"Lile godoro la maua ya zambarau, karibu na mlango, lilikuwa langu," alisema. "Nilizaa juu yake, hapo barazani. Mama yako ndiye aliyenipokelea mtoto. Usimpe mtu mwingine hiyo nyumba, nakuomba."

Nilimuuliza kwa nini hakupiga tangu mwanzo, tangazo la kwanza lilifika hadi Ilagala. Akasema aliliona. Alidhani ni nyumba ya tajiri fulani, akapita.

Siku mbili tatu kabla ya kufunga Ramadhani, kabla sijampa habari, baba mdogo alikuja na yule mfanyabiashara wake, na mtu wa kupima kiwanja. Mimi nilikuwa ndani, natundika mapazia ya mama niliyoyafupisha. Verediana, aliyekwisha kuhamia, alikuwa anafagia baraza, mtoto wake anakimbizana na kuku mle uani. Nilimsikia akiwakaribisha wazee, na nikatoka haraka nikijua patachimbika.

Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alimtazama yule mtoto, akaitazama baraza iliyofagiwa. Nikaanza kumweleza huyu ni nani, akaniinulia mkono ninyamaze, kumbe Verediana ameshamweleza. Kisha mzee yule akainama, akavua viatu vyake kwenye ngazi, akavipanga pembeni. Hakuwa amevua viatu pale tangu tulipomzika mama. Wakati ule mnunuzi ameshaelewa, ameanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

"Utatuwia radhi, ndugu yangu," baba mdogo alimwambia. "Nyumba hii ina mtu."